Maji ya Mserereko na Wanafunzi Wanaopokezana Zamu

Mji wa Marcala uko katika milima ya kusini-magharibi mwa Honduras, eneo linalosifika kwa kahawa yake. Tangu mwaka 2008 mji huo una mtambo wa kusafisha maji ambao, ukiukagua toka maji yanapoingia hadi yanapotoka, hutakuta pampu wala mota. Maji ya kijito hufika yamejaa tope, hushuka kwenye mifereji na matangi ya zege, kisha huondoka yakiwa maangavu kuelekea majumbani. Kinachoyasukuma ni mteremko tu. Hata dawa ya kugandisha tope hupimwa kwa boya linaloelea, lililofungwa kwenye mkono unaopanda na kushuka kama mizani ya dukani. Waliousanifu ni wanafunzi.

Wanafunzi hao ni wa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Mpango wao unaitwa AguaClara, na ulianza mwaka 2005 chini ya mwalimu wao Monroe Weber-Shirk, kwa ushirikiano na shirika la Honduras liitwalo Agua Para el Pueblo. Tangu hapo mitambo zaidi ya kumi imejengwa katika miji midogo na vijiji vya Honduras, teknolojia hiyo imevuka mpaka hadi Nicaragua na imefika India, na makumi ya maelfu ya watu wanakunywa maji yaliyopita kwenye michoro ya vijana ambao wengi wao walipoichora hawakuwa na shahada hata moja.

Habari za wanafunzi wahandisi na maji ya vijijini tumezizoea kwa sura moja. Vijana wanakuja likizo, wanachimba kisima au wanafunga bomba, utepe unakatwa, mtoto anapigwa picha akikinga mikono chini ya maji, na wageni wanapanda ndege. Sina haja ya kuwabeza vijana hao. Wengi wana moyo safi, na maji yanayotoka siku ile ni maji kweli. Lakini anayeishi na mradi wa maji anajua kwamba siku ya uzinduzi ndiyo siku nyepesi kuliko zote. Kisa cha Honduras kinanivuta kwa sababu wanafunzi wake walishughulika na siku zinazofuata.

Weber-Shirk aliijua Honduras kabla ya kuwa mwalimu. Katika miaka ya 1980, vita vya El Salvador vilipowafukuza watu makwao, alifanya kazi katika kambi za wakimbizi upande wa Honduras, na huko akakutana na tatizo la maji uso kwa uso. Vijiji vya milimani kule havikukosa maji ya kutosha. Watu walikuwa wamekwisha kuteka vijito vya juu kwa mabomba, maji yakateremka yenyewe hadi kijijini. Huku kwetu Afrika Mashariki mpangilio huo tunauita mradi wa mserereko, na msomaji wa Lushoto, Rungwe, Marangu au Kerugoya anaufahamu vizuri. Ni mpangilio mzuri: hauhitaji dizeli, hauhitaji umeme, na hauchoki usiku. Udhaifu wake ni mmoja. Mvua ikinyesha juu ya mlima, udongo wa mashamba unaingia kwenye dakio, pale maji yanapotekwa kijitoni, na bomba linauleta hadi jikoni.

Tope lenyewe si sumu kubwa, na watu wengi hulivumilia. Hatari yake ni kwamba linawaficha adui. Klorini ikitiwa kwenye maji machafu hutumika kuushughulikia uchafu, na vijidudu vilivyojibanza ndani ya chembe za udongo husalimika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa klorini, na yasivuke 5 hata kwa mifumo midogo isiyo na uwezo. NTU ni kizio cha kupima jinsi maji yanavyozuia mwanga. Kijito cha mlimani baada ya mvua kubwa kinaweza kufika mamia kwa saa chache tu. Kwa hiyo mtu anayemimina klorini ndani ya tangi la maji ya rangi ya udongo, akaamini amewakinga watoto wake, ametumia fedha bila kupata kinga aliyoikusudia. Dawa haina kosa. Maji yalipaswa kusafishwa kwanza.

Bibi zetu waliijua hatua hiyo ya kwanza. Kipande cha shabu kikizungushwa ndani ya ndoo ya maji ya mto, baada ya muda tope hujikusanya na kutuama chini, na maji ya juu huchotwa polepole kwa kata. Kule Sudan, akina mama walifanya vivyo hivyo kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa. Mitambo mingi mikubwa ya miji, ule wa Ruvu ukiwemo, inatumia kanuni ileile: chembe za udongo husukumana kwa sababu zina chaji ya umeme inayofanana, na dawa ya aluminiamu huondoa ule ubishi, zikashikana na kuwa mabonge mepesi yanayozama. Tofauti ya ndoo na mji ni kwamba mji unataka jambo hilo lifanyike kila sekunde, mchana na usiku, kwa dozi inayobadilika kadiri maji yanavyobadilika.

Hapo ndipo miji midogo ilipokuwa ikikwama. Mtambo wa kisasa wa kawaida hupima dawa kwa pampu ya umeme, hukoroga kwa mota, na husukuma maji ya kuoshea mchanga kwa pampu nyingine kubwa zaidi. Kila kimoja kati ya hivyo kina kipuri kinachoagizwa nje. Mji wa watu elfu nne hauna fedha za kulipa fundi wa mota, na umeme ukikatika wiki mbili mtambo unabaki kuwa jengo. Wanafunzi wa Cornell walipewa swali hili na mwalimu wao: ondoa kila kitu kinachozunguka, kisha mtambo ubaki na uwezo uleule.

Nataka nikae kidogo kwenye jibu lao, maana ni uhandisi wa hali ya juu unaoweza kuelezwa kwa mtu yeyote.

Chukua suala la dozi. Maji ya mserereko hayaji kwa kiwango kimoja. Asubuhi ni mengi, mchana majirani wa juu wakifungulia ni machache. Ukidondosha dawa kwa kasi isiyobadilika, maji yakipungua unayazidishia dawa, yakiongezeka unayapunja. Wanafunzi walichukua bomba la plastiki lililosimama wima kwenye tangi la kuingilia, wakalitoboa matundu kwa safu, mengi chini na machache juu, kwa hesabu iliyopangwa hivi kwamba kina cha maji ndani ya tangi hupanda sawasawa na wingi wa maji yanayoingia. Maji yakiongezeka mara mbili, kina nacho kinaongezeka mara mbili. Boya likaelea juu ya maji hayo, likafungwa kwenye ncha moja ya mkono. Kwenye ncha ya pili ukaning'inizwa mdomo wa mrija wa dawa. Boya likipanda, mdomo unashuka, na dawa inatiririka zaidi kupitia mirija myembamba mirefu iliyochaguliwa kwa sababu ndani yake mtiririko huwa mtulivu na hufuata uwiano uleule wa moja kwa moja. Maji yakikatika kabisa, boya linakaa chini na dawa inakoma yenyewe. Kazi ya mwendesha mtambo ni kutazama tope la siku hiyo na kusogeza kitelezi kwenye mkono hadi kwenye dozi anayoitaka. Ukivunjika mrija, unapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Baada ya dawa kuingia, maji hukorogwa kwa kupitishwa kwenye mifereji yenye kuta fupi, yakilazimika kupinda huku na huku, na kila kona inafanya kazi ya mota. Mabonge yakishakua, maji hupanda kwa utulivu ndani ya tangi lenye vibao vilivyoinamishwa nyuzi 60, uchafu ukatua juu ya vibao na kuteleza kurudi chini. Hatua hii nitaipita haraka, ingawa makundi kwa makundi ya wanafunzi yalitumia miaka kuhangaika na umbo la sakafu ya tangi hilo ili tope lisilale pembeni na kuoza.

Chujio la mchanga ndilo lililonishangaza zaidi. Mchanga unaochuja maji huziba, na dawa yake ni kuuosha kwa kupitisha maji kutoka chini kwenda juu kwa nguvu, chembe zikainuka na kuachia uchafu. Shida ni kwamba kuosha kunataka kasi ya maji kubwa mara sita hivi kuliko kuchuja. Maji hayo ya ziada yatoke wapi kama huna pampu wala tangi la juu? Wanafunzi waligawa mchanga wa chujio moja katika tabaka sita, kila moja sentimita 20, na kati ya tabaka wakalaza mabomba yenye mipasuo myembamba. Wakati wa kuchuja, maji yanagawanyika mafungu sita, kila fungu likapita kwenye tabaka lake. Wakati wa kuosha, milango ya juu inafungwa na maji yote yanaingizwa chini kabisa, yapite tabaka zote kwa mfululizo. Mtiririko ni uleule usioongezwa hata lita moja, lakini kasi ndani ya mchanga inakuwa mara sita. Chujio la kwanza la namna hiyo la ukubwa kamili lilianza kazi mwaka 2012 katika mji wa Támara, karibu na Tegucigalpa. Mwanafunzi wa hisabati ya kidato cha pili anaweza kuifuata hoja hii kwenye karatasi, lakini kufika kwake kulihitaji maabara, mchanga uliogoma, mirija iliyoziba, na mihula mingi ya vijana kuandika ripoti zisizo na jibu.

Na hapa naingia kwenye jambo linalonifanya niandike makala haya. Mwanafunzi mmoja hana muda wa kutatua tatizo la maji. Ana muhula mmoja, miwili, labda minne, kisha anahitimu na kwenda zake. Udhaifu huo ndio unaoua miradi mingi ya vyuo. AguaClara waliugeuza kuwa utaratibu. Kazi imegawanywa katika makundi madogo, kila kundi na swali lake. Anayeingia mwaka wa kwanza hukaa meza moja na wa shahada ya uzamili. Kila muhula hufungwa kwa ripoti inayoeleza kilichojaribiwa na kilichoshindikana, na kundi linalofuata huanza kwa kusoma ripoti ile. Michoro haifungiwi kabatini. Ipo wazi kwa yeyote, na waliunda hata programu ya kompyuta ambayo ukiipa kiasi cha maji cha mji wako inakutolea vipimo vya mtambo wako. Kila Januari kundi la wanafunzi husafiri hadi Honduras, na safari hiyo haina jembe wala sepeto. Wanaenda kutembelea mitambo na kuwasikiliza wanaoiendesha.

Wanaoiendesha ni watu wa palepale. Wengine hawakuvuka shule ya msingi. Wanajua kusoma rangi ya maji, wanajua bonge la tope lililokomaa linavyoonekana na lile changa linavyoonekana, na matangi yameachwa wazi juu makusudi ili wayaone. Mhandisi aliyezoea mitambo iliyofungwa ndani ya masanduku ya chuma anaweza kuona hilo ni ushamba. Mimi naliona ni heshima. Ukimfichia mwendesha mtambo maji yake, umemwambia kwamba kazi yake ni kubonyeza tu, na siku kitufe kisipoitika hatakuwa na la kufanya.

Ujenzi hausimamiwi na wanafunzi. Agua Para el Pueblo ndio wanaozungumza na wananchi, wanaoajiri mafundi, wanaofundisha waendeshaji na wanaorudi mtambo ukipata hitilafu. Baadhi ya wahitimu wa Cornell wamehamia huko kwa mwaka au zaidi na kufanya kazi chini ya shirika hilo, na hao ndio waliofikisha maswali ya kweli maabara. Juu ya wote kuna kamati ya maji ya mji au kijiji, ambayo Honduras inaitwa junta de agua. Kuna maelfu ya kamati kama hizo nchini humo. Sheria ya mwaka 2003 iliyapa mabaraza ya miji na manispaa jukumu la maji lililokuwa la taasisi ya serikali kuu, miaka mitano tu baada ya kimbunga Mitch cha Oktoba 1998 kuua maelfu ya watu na kung'oa mabomba milimani. Kamati inapanga ada, inakusanya, inanunua dawa, inamlipa mwendesha mtambo. Mji usiokubali kulipia uendeshaji haupewi mtambo, na nadhani sharti hilo limeokoa fedha nyingi kuliko ubunifu wowote.

Honduras haikuwa peke yake. Mwaka 2000 profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, alialikwa katika kijiji cha San Pablo nchini Belize, akakuta wasichana wadogo wakibeba maji kutoka mtoni saa ambazo walipaswa kuwa darasani. Mwaka uliofuata alirudi na wanafunzi wanane, wakafunga pampu inayoendeshwa na nguvu ya maji yenyewe ya maporomoko ya karibu. Kutokana na safari hiyo ilizaliwa, mwaka 2002, taasisi ya Wahandisi Wasio na Mipaka ya Marekani, ambayo leo ina matawi katika vyuo vingi na miradi katika mabara kadhaa, Afrika Mashariki ikiwemo. Baada ya muda taasisi hiyo ilijiwekea kanuni kwamba tawi la chuo likichukua kijiji, linafunga nacho ahadi ya miaka mitano kwa uchache. Kanuni hiyo ilitokana na kuona nini hutokea ahadi inapokuwa ya likizo moja.

Wenzao wa Kanada walikwenda mbele zaidi kwa ukweli. Kuanzia mwaka 2008 Wahandisi Wasio na Mipaka wa Kanada, taasisi iliyoanzishwa na vijana wahitimu wa uhandisi, walichapisha kwa miaka kadhaa ripoti ya mwaka ya mambo yaliyowashinda. Mmoja wa wahandisi wao aliyekuwa akifuatilia miradi ya mserereko nchini Malawi alihesabu vilula 113 na kukuta 81 havitoi maji. Mradi huo ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, umejengwa kwa fedha za serikali ya Kanada. Hatua chache kutoka kwenye kilula kilichokauka palikuwa na mabaki ya kingine, cha teknolojia ileile, kilichojengwa na serikali ya Marekani miaka kumi nyuma. Nchi mbili tajiri zilijenga kitu kimoja mahali pamoja, na vyote vilikufa kwa ugonjwa mmoja: hakuna aliyepewa jukumu, mafunzo na fedha za kukitunza. David Damberger wa taasisi hiyo aliieleza habari hii hadharani mwaka 2011, na alikiri kwamba miradi yao wenyewe ilikuwa imeanguka kwa sababu hiyohiyo.

Nikitoka Malawi kuja Tanzania, sihitaji kubadilisha mazungumzo. Mwaka 1971 serikali yetu ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Ulikuwa mpango wa watu waliomaanisha. Lakini Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilipotathmini hali, ilikuta ni takriban nusu ya watu wa vijijini tu waliofikiwa, na zaidi ya asilimia 30 ya miradi iliyojengwa haikuwa ikifanya kazi ipasavyo kwa sababu ya uendeshaji na matengenezo duni. Sera hiyo ilirudisha mradi mikononi mwa watumiaji: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, na wananchi wachangie uendeshaji. Sheria namba 5 ya mwaka 2019 ikaanzisha RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na ikaviwekea utaratibu vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kwa hiyo mfano wa junta de agua tunao tayari, na wahandisi wa wilaya tunao.

Ubunifu nao tunao. Kule Arusha na Meru, ambako shida ni floridi kutoka kwenye miamba ya volkano, maji yanaweza kuonekana safi kama kioo na bado yakageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na kupinda mifupa yao. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huo vinavuka hapo kwa mbali. Shabu pekee kwa dozi ya kawaida haisaidii. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika kwa miaka mingi na njia ya kuchuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu na mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia mkoani Arusha, alibuni chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na nano-materia zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, iliyokuja na pauni 25,000. Alikulia kwenye maji machafu, akasoma hadi Korea Kusini, akarudi kwenye tatizo lilelile. Hatuna upungufu wa watu wa namna hiyo vyuoni mwetu.

Upungufu wetu upo kwenye namna tunavyompeleka mwanafunzi kijijini. Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Maji pale Ubungo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na vinginevyo huenda mafunzo kwa vitendo. Kwa kawaida hutoka mwaka wa masomo ukiisha, kati ya Julai na Oktoba. Kwa sehemu kubwa ya nchi hicho ni kiangazi. Kijito ni cheupe, dakio ni safi, tangi linaonekana zuri, na mwanafunzi anaandika kwenye kitabu chake kwamba mradi wa mserereko wa kijiji fulani unatoa maji ya ubora unaokubalika. Hakudanganya. Ameukuta mradi katika siku zake bora. Masika yanapoingia Machi, bomba linapoleta tope, mama anapoacha kilula na kurudi kwenye chemchemi ya zamani, mwanafunzi yuko darasani Dar es Salaam akijibu maswali ya mtiririko wa maji kutoka kwenye kitabu cha Ulaya.

Hata Cornell walikuwa na tatizo hilo. Januari ni kiangazi kule Honduras. Walilivuka kwa sababu kulikuwa na mtu wao aliyebaki mwaka mzima na waendeshaji walioandika vipimo vya tope kila siku, mvua na jua. Mchoro mzuri unaanzia kwenye daftari hilo. Bila kujua tope la mto wako linafika wapi na linakaa siku ngapi, hujui tangi liwe kubwa kiasi gani wala uagize dawa kiasi gani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa idara za uhandisi ni la ratiba na la fedha kidogo. Chagueni wilaya yenye miradi mingi ya mserereko, mkubaliane na RUWASA ya wilaya hiyo, na mwanafunzi mmojammoja wa mwaka wa mwisho akafanye mradi wake huko kuanzia Machi hadi Mei, akiwa na bomba angavu la kupimia tope, ambalo fundi yeyote anaweza kulitengeneza, na daftari atakalomwachia mhudumu wa mradi. Mwaka unaofuata aende mwingine kwenye dakio lilelile, aanze kwa kusoma alichoandika wa kwanza. Mhitimu mmoja alipwe posho akae mwaka mzima kati ya kamati za maji na maabara ya chuo. Michoro ya Honduras ipo wazi na hesabu zake zinafundishika, lakini mchanga wa Rungwe si mchanga wa Marcala na mtu wetu atalazimika kuupima mwenyewe. Chuo kimoja na wilaya moja vinatosha kwa kuanzia, na vipimo vinaweza kuanza kuchukuliwa masika yajayo.